Kujitolea Hospitalini: Mwongozo kwa Mwamini Anayetaka Kuwahudumia Wagonjwa

Katika hospitali nyingi za nchi zetu mgonjwa hategemei daktari na muuguzi peke yao. Ndugu ndio wanaomletea uji asubuhi, wanaofua nguo na mashuka yake, wanaosimama kwenye foleni ya dirisha la dawa, wanaofuatilia majibu ya vipimo na kukesha naye hali inapokuwa mbaya. Lakini katika wodi iyo hiyo hulala mtu aliyehamishwa kutoka wilaya ya mbali, mzee ambaye watoto wake wametawanyika, kijana aliyepata ajali ya pikipiki na simu yake ikapotelea barabarani, au mama aliyejifungua mtoto njiti huku mume akibaki kijijini na watoto wengine. Muda wa kuona wagonjwa unapofika, wodi hujaa watu na vikapu vya chakula, naye hugeukia ukutani.

Kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo, waamini wengi huguswa na kutaka kujitolea hospitalini. Wengi huanza kwa ari kubwa, hasa wakati wa Kwaresima au karibu na Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari. Baada ya majuma machache baadhi yao huacha. Sababu si kwamba hawana upendo. Mara nyingi hawakuandaliwa, hawakujua la kufanya wala la kusema, au walitarajia shukrani ambazo hazikuja. Makala hii inaeleza namna ya kuifanya huduma hii idumu, imsaidie mgonjwa kweli, na impatie mhudumu furaha ya kudumu.

1. Msingi wa huduma hii katika imani

Yesu mwenyewe, anapoeleza hukumu ya mwisho katika Injili ya Mathayo sura ya 25, anajitambulisha na mgonjwa aliyetembelewa na yule ambaye hakutembelewa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 7 aya ya 35, anahimiza kutosita kuwatembelea wagonjwa, na anaongeza kwamba matendo ya namna hiyo humfanya mtu apendwe. Ndiyo maana Kanisa limehesabu kuwatazama wagonjwa kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili, sambamba na kuwalisha wenye njaa na kuwazika wafu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua ya Kitume Salvifici Doloris ya tarehe 11 Februari 1984, alitafakari kwa kina mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25-37). Msamaria ni kila mtu anayesimama kando ya mateso ya mwenzake. Hasimami kwa udadisi, bali kwa sababu moyo wake umeguswa na yuko tayari kutenda. Miaka minane baadaye, mwaka 1992, Papa huyo alianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1993, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi.

Tuuangalie mfano huo tena kwa jicho la mtu anayejitolea. Msamaria alifanya yale aliyoweza: alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akayafunga, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Kisha alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, akaendelea na safari yake, akaahidi kurudi. Hakujifanya kuwa kila kitu kwa majeruhi yule. Alijua sehemu yake, akashirikiana na mwingine, tena akaahidi kurudi. Mambo hayo matatu ndiyo nguzo za huduma yoyote njema ya kujitolea.

2. Somo la Châtillon

Mwaka 1617 Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko wa mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa. Jumapili moja, kabla ya kuadhimisha Misa, alipewa habari za familia maskini nje ya mji ambayo watu wake wote walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na wa kumhudumia mwenzake. Aliwaeleza waamini katika mahubiri. Alasiri hiyo alipokwenda mwenyewe kuitazama familia ile, alikuta njia imejaa waparokia waliokuwa wakienda na kurudi kutoka huko, wamebeba chakula.

Wengine wangeona hapo ushindi wa mahubiri. Vinsenti aliona pia tatizo. Chakula kingi kilichofika siku moja kingeharibika, na baada ya siku chache wagonjwa wangerudia njaa yao. Upendo ulikuwepo; mpangilio haukuwepo. Kwa hiyo aliwakusanya wanawake wa parokia, wakaanzisha Chama cha Upendo, wakawa wanahudumia kwa zamu, siku baada ya siku. Kutokana na mbegu hiyo, mwaka 1633 yeye na Mtakatifu Luisa wa Marillac walianzisha shirika la Mabinti wa Upendo.

Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya wanawake wale wa Châtillon inaingia katika mambo madogo kabisa: jinsi ya kumwandalia mgonjwa chakula, kumsalimu kwa uchangamfu na upole, na kumtia moyo ale. Ndani yake mna agizo moja linalofaa kukumbukwa na kila anayeingia wodini: mhudumu aanze na mgonjwa ambaye ana mtu wa kukaa naye, amalizie na yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye kwa muda mrefu zaidi.

Agizo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 400, na bado halijapitwa na wakati. Ukianza na mpweke, utamwacha upesi kwa sababu wengine wanakungoja. Ukimweka mwisho, muda wako uliobaki wote ni wake.

3. Kwa upendo, si kwa ujira

Mtakatifu Kamili wa Lellis alizaliwa Italia mwaka 1550. Alikuwa askari na mcheza kamari, na jeraha la mguu lisilopona lilimpeleka katika hospitali ya San Giacomo huko Roma, kwanza kama mgonjwa, kisha kama mtumishi. Baada ya kuongoka alirudi humo na hatimaye akawa msimamizi. Aliona jinsi watumishi wa kuajiriwa walivyowapuuza wagonjwa, ndipo akapata wazo la kukusanya watu ambao wangewahudumia wagonjwa kwa ajili ya upendo wa Mungu, pasipo kutazamia malipo. Kundi hilo likawa shirika la Watumishi wa Wagonjwa, wanaotambulika kwa msalaba mwekundu kifuani. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimtangaza Kamili, pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, kuwa wasimamizi wa wagonjwa na wa hospitali.

Wote wawili walilala kwanza kitandani kama wagonjwa kabla ya kusimama kando ya kitanda kama wahudumu. Yohane wa Mungu alifungiwa katika hospitali ya Granada akidhaniwa kuwa mwendawazimu, akaonja ukali wa matibabu ya wakati ule, na hapo ndipo alipotamani kuwa na nyumba ambamo wagonjwa wangetendewa kama watu. Mwamini aliyewahi kuugua, au aliyemuuguza mzazi wake kwa muda mrefu, anayo tayari elimu ambayo semina haiwezi kumpa. Asiidharau.

4. Namna ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na paroko au padre anayehudumia hospitali, si kwenda moja kwa moja wodini. Parokia nyingi tayari zina utaratibu kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, WAWATA, Legio ya Maria, Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo au Karitasi. Kujiunga na kundi lililopo ni bora kuliko kuanzisha jipya.

Hatua ya pili ni ruhusa ya hospitali. Hata katika hospitali zinazomilikiwa na Kanisa, kama Bugando, Peramiho, Ndanda au Itigi, mhudumu wa kujitolea hana haki ya kuingia apendavyo. Kundi lijitambulishe kwa Mganga Mfawidhi kwa barua ya parokia, lieleze siku na saa linazoomba, idadi ya watu na aina ya huduma. Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali ni mtu muhimu sana katika mpango huu, kwa kuwa ndiye anayewajua wagonjwa wasio na ndugu na wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Muulize yeye na muuguzi kiongozi wa wodi swali hili kila mnapofika: “Leo ni nani hapa hajapata mtu wa kumwona?”

Hatua ya tatu ni kupima uwezo wako kwa ukweli. Saa mbili kila juma kwa mwaka mzima ni zawadi kubwa kuliko siku nzima mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye watoto wadogo, mwenye duka la kusimamia, mwanafunzi aliye karibu na mitihani, kila mmoja aahidi kile anachoweza kukitimiza. Mgonjwa aliyeambiwa “nitakuja Alhamisi” huihesabu Alhamisi hiyo tangu Ijumaa iliyotangulia.

Hatua ya nne ni kuchagua sehemu inayokufaa. Si kila mtu aliyejaliwa kukaa kando ya kitanda. Wapo wanaofaa zaidi kupika uji, kushona na kufua mashuka, kuwaelekeza wageni kwenye majengo ya hospitali, au kuchangia damu. Anayezimia aonapo damu si mwenye dhambi; apangiwe jikoni.

5. Ndani ya wodi

Ukifika, jitambulishe kwanza kwa muuguzi wa zamu. Yeye ndiye mwenyeji wako. Akikuambia kwamba mgonjwa fulani amelala, anafungwa kidonda au anasubiri daktari, shukuru na uende kwa mwingine bila kunung’unika.

Kwa mgonjwa, salamu ni mlango. Mzee aamkiwe kama anavyoamkiwa nyumbani: “Shikamoo, baba. Pole sana kwa kuugua. Naitwa Anastazia, natoka parokia ya hapa jirani. Naomba nikae nawe kidogo, kama hutajali.” Akisema amechoka, mwambie utapita tena, nawe uondoke. Mgonjwa amenyang’anywa maamuzi mengi: saa ya kula, saa ya kulala, nguo ya kuvaa, nani amguse. Kumwachia uhuru wa kukukataa ni sehemu ya heshima unayompa.

Akikukaribisha, keti. Mgonjwa asilazimike kukutazama juu. Usiketi juu ya kitanda chake. Tafuta kiti au benchi. Muulize jina lake, ulitumie. Wengine wamekaa majuma mawili wakiitwa kwa namba ya kitanda au kwa jina la ugonjwa wao.

Kisha sikiliza. Marafiki watatu wa Ayubu, walipomwona, waliketi pamoja naye chini siku 7 mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake kuwa makubwa mno (Ayu 2:11-13). Makosa yao yalianza pale walipofungua midomo na kutaka kumweleza kwa nini anateseka. Mhudumu mwema hujifunza kutoka kwao yote mawili: thamani ya ukimya na hatari ya maelezo.

Zaidi ya kusikiliza, ziko kazi ndogo zinazobadili siku ya mgonjwa. Kumjazia chupa ya maji. Kumshikia kikombe asiyeweza kukishika. Kumkata kucha au kumchana nywele, akiomba. Kumsomea barua, ujumbe wa simu au somo la Misa ya siku. Kumtafutia namba ya ndugu na kumpigia. Kumwelekeza ndugu aliyetoka kijijini mahali pa kulipia, pa kuchukua majibu au pa kuuliza habari za kadi ya bima. Ni kazi zisizoandikwa mahali popote, na bado zisipofanyika mgonjwa hulala na kiu au dawa huchelewa.

Kabla ya kumpa mgonjwa chochote cha kula au kunywa, muulize muuguzi. Anayesubiri upasuaji hatakiwi kula. Mwenye kisukari au matatizo ya figo ana masharti yake. Anayepata shida kumeza anaweza kupaliwa hata na maji. Vivyo hivyo usimwinue wala kumgeuza mgonjwa bila kuelekezwa, hasa aliyevunjika au kuumia mgongo. Usiguse dripu, usihesabu dawa, usitoe ushauri wa tiba, na kamwe usimwambie mtu aache dawa kwa kuwa ameombewa. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba sala hushindana na hospitali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na dawa kama zawadi za Mungu, na papo hapo anamhimiza mgonjwa kusali.

6. Maneno ya kuepuka

Mengi yasemwayo kando ya kitanda hutoka katika nia njema na huacha jeraha. Kumwambia mgonjwa kwamba Mungu ndiye aliyemletea ugonjwa ili amjaribu ni kumbebesha mzigo wa pili. Kumwahidi kwamba atapona ni kuahidi usichoweza kukitoa. Kumsimulia habari za jirani aliyekufa kwa ugonjwa uleule hakumsaidii kitu. Kumuuliza alifanya nini hata akaugua ni kurudia swali ambalo wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya kipofu tangu kuzaliwa, naye akalikataa (Yn 9:1-3).

Yanayofaa ni machache na mepesi: “Pole.” “Nakusikiliza.” “Usiku huwa unaupitaje?” “Ungependa tusali, au nikae tu?” Mgonjwa akilia, mwache alie. Akiuliza kama atakufa, usikimbie swali wala usijibu mahali pa daktari. Unaweza kumuuliza ni nini kinachomtia hofu, kisha ukamwuliza kama angependa kuonana na padre au kuzungumza na daktari wake.

7. Usafi, usalama na siri

Mikono ni kitu cha kwanza. Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, au tumia kipukusi, kabla ya kumgusa mgonjwa, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa kitanda au vyombo vyake. Sabuni ifike kati ya vidole, kwenye kucha na kwenye viganja kwa muda usiopungua sekunde 20. Ukiwa na mafua, kikohozi, homa au kuharisha, baki nyumbani. Kwa mtoto njiti au mtu ambaye kinga yake imeshuka, mafua yako madogo ni hatari kubwa. Katika wodi ya kifua kikuu fuata maelekezo ya wauguzi juu ya barakoa na madirisha. Ni vema pia kuuliza kituo cha afya kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa mtu mzima hutolewa kwa kawaida kwa dozi 3 katika muda wa miezi 6.

Yale unayoyaona na kuyasikia wodini hayatoki nawe. Usimtaje mgonjwa katika Jumuiya kwa jina na ugonjwa wake, hata kwa kisingizio cha kumwombea; Mungu anamjua bila maelezo hayo. Usipige picha. Picha ya mgonjwa akiwa amelala na mhudumu akikabidhi sabuni, iliyosambazwa kwenye kundi la simu, inamvunjia heshima mtu asiyeweza kujitetea. Kuna jambo moja tu ambalo usilifiche: mgonjwa akikuambia kwamba anakusudia kujidhuru, au kwamba anatendewa vibaya, mweleze siku hiyohiyo muuguzi kiongozi au Afisa Ustawi wa Jamii, nawe umwambie mgonjwa kwamba utafanya hivyo.

Katika wodi ya watoto usikae peke yako na mtoto mahali pasipoonekana, wala usimtoe wodini. Tembeeni wawili wawili. Na kuhusu fedha, msitoe wala kupokea mkononi mwa mgonjwa. Mahitaji ya matibabu, nauli au chakula yapitie kwa viongozi wa kundi na mfuko wa parokia, ili anayepata asiwe yule anayejua kuomba zaidi, na mhudumu asije akageuka mdai au mfadhili.

8. Sakramenti na nafasi ya mlei

Mlei anayejitolea ni daraja kati ya mgonjwa na Sakramenti. Ayajue mambo machache kwa usahihi.

Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa hutolewa na padre au askofu tu (Sheria za Kanisa, kanuni 1003). Si sakramenti ya mtu anayekata roho peke yake. Mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee anaweza kuipokea, na anaweza kuirudia akiugua tena au hali ikizidi kuwa mbaya (kanuni 1004). Familia nyingi huchelewa kumwita padre kwa kuogopa kumtisha mgonjwa, na padre anapofika, mgonjwa hawezi tena kuungama wala kupokea Komunyo. Mhudumu anayeieleza familia jambo hili mapema, kwa upole, amewatendea wema mkubwa kuliko kapu la matunda.

Komunyo Takatifu inaweza kupelekwa na mlei aliyeteuliwa rasmi kuwa mhudumu wa Komunyo asiye wa kawaida, kwa utaratibu wa jimbo. Mtu mwingine asijitwalie kazi hiyo. Wagonjwa na wazee, pamoja na wale wanaowauguza, wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa iliyotangulia (kanuni 919). Kwa aliye katika hatari ya kufa, Komunyo huwa masurufu ya safari ya kwenda kwa Baba, na isicheleweshwe.

Mtoto mchanga aliye hatarini, ambaye wazazi wake wanaomba abatizwe na padre hawezi kufika kwa wakati, anaweza kubatizwa na mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa: ammwagie maji kichwani huku akitamka maneno ya Ubatizo kwa Nafsi zote tatu za Utatu Mtakatifu (kanuni 861). Baadaye parokia ijulishwe ili aandikishwe.

Wodi ni nyumba ya watu wa imani zote. Kitanda kimoja kina Mkatoliki, cha pili Mwislamu, cha tatu Mlutheri, cha nne mtu asiye na dini. Maji, salamu na usikivu ni vya wote bila masharti. Sala iombewe ruhusa, nayo isemwe kwa sauti ya chini. Mwislamu akiomba kuonana na shehe wake, mtafutie namba. Anayegeuza udhaifu wa mgonjwa kuwa nafasi ya kumvuta dhehebu lake anamnyima uhuru, na hilo halimpendezi Bwana aliyeuliza kwanza mgonjwa anataka nini (Mk 10:51).

9. Uchovu na huzuni ya mhudumu

Utafika Alhamisi moja na kukuta kitanda kimetandikwa upya. Mtu uliyemzoea kwa miezi miwili amefariki usiku, na familia imeondoka na mwili kabla hujaja. Huzuni hiyo ni halali. Msiibebe kila mmoja kivyake. Kundi lenye afya hukutana angalau mara moja kwa mwezi, pamoja na padre au mtawa mwenye uzoefu. Wanachama hueleza yaliyowaelemea bila kutaja majina, huwaombea marehemu, kisha hupanga zamu upya.

Zipo dalili za kuangalia: kukosa usingizi kwa sababu ya mgonjwa mmoja, kukasirika nyumbani, kujiona kuwa bila wewe wodi itaanguka, au kuwaona wagonjwa wote kuwa wasumbufu. Dalili hizo zikija, omba kupumzika mwezi mmoja. Hata Yesu aliwaambia Mitume waliochoka wajitenge na kupumzika (Mk 6:31). Kumbuka nyumba ya wageni: Msamaria alimwachia mwingine kazi iliyobaki.

10. Thawabu iko wapi?

Si haramu kutamani furaha katika huduma. Tatizo ni kuitafuta mahali isipokaa. Anayesubiri kushukuriwa atakata tamaa, kwa maana maumivu huwafanya watu wawe wakali, na wengine huondoka hospitalini bila hata kukumbuka sura yako. Anayesubiri kuona watu wakipona atakuwa na furaha siku wanapopona tu.

Furaha inayodumu huja pasipo kutafutwa. Huja unapogundua kwamba umejifunza kumsikiliza mama mkwe wako nyumbani bila kumkatiza. Huja woga wako wa ugonjwa na kifo unapopungua, kwa sababu umeviona kwa karibu na kukuta humo watu wanaocheka, wanaosali na kusameheana. Huja unapotambua kwamba wewe ndiye uliyepokea. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka Christifideles Laici wa mwaka 1988, alifundisha kwamba mgonjwa si mtu wa kuhudumiwa tu. Yeye mwenyewe ni mhusika hai na mwenye wajibu katika kazi ya uinjilishaji. Kwa hiyo, kabla hujaaga, mwombe mgonjwa akuombee wewe, watoto wako na parokia yako. Mtu ambaye siku nzima amekuwa wa kulishwa na kugeuzwa atajua kwamba bado ana cha kutoa. Na sala yake si ndogo.

Ni jambo jema pia, ukirudi nyumbani, kutulia dakika 5 na kujiuliza maswali matatu. Leo nimemsikiliza nani kweli? Ni lini nilisema maneno mengi kuliko ilivyohitajika? Ni jambo gani ambalo siwezi kulitatua, ambalo namwachia Mungu? Anayefanya hivyo kwa mwaka mmoja atashangaa jinsi alivyobadilika.

Hitimisho

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mgonjwa asiye na mtu hahitaji kutoka kwetu vitu vingi. Anahitaji mtu mmoja anayejua jina lake, aliyenawa mikono, anayeheshimu ruhusa ya muuguzi, anayetunza siri, na anayerudi siku aliyosema atarudi. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ikiwatoa watu wawili tu kwa zamu ya saa mbili kwa juma, hospitali iliyo katika parokia hiyo haitakosa mtu wa kuketi kando ya kitanda kile cha ukutani. Jambo hili linaweza kuwekwa katika ajenda ya kikao kijacho cha Jumuiya yako.

Sala kabla ya kuingia wodini

Bwana Yesu, mganga wa roho na miili, ninaingia mahali ulipotangulia kuwapo. Uyafanye masikio yangu kuwa mapana na maneno yangu kuwa machache. Unionyeshe yule ambaye leo hana mtu, unipe subira ya kukaa naye. Uwatie nguvu madaktari na wauguzi waliochoka. Uwapokee kwako watakaoaga dunia leo. Nami unirudishe hapa kwa wakati niliouahidi. Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Amina.